Dakika Kumi na Moja za Mama

Nyumbani, 3 Januari

Dada yangu,

Salamu kutoka huku. Sisi wazima. Kidonda cha mama shingoni kimekauka vizuri, supu anamaliza bakuli zima, na jana alimtimua paka kwa kumrushia ndara, kwa hiyo jua kwamba nguvu zimerudi.

Shida ni kompyuta. Inazima yenyewe. Naweza kuwa katikati ya kuchapa kadi za mwaliko za mtu, tap, kioo cheusi, naanza upya. Nimeifungua, nimepuliza vumbi la miaka mitatu, na mgonjwa nimemjua: ni pawa saplai, lile boksi la nyuma linalogawa umeme kwa kila kitu kilichomo ndani. Limechoka. Kila likikata ghafla moyo wangu unaruka, na si kwa ajili ya kadi za watu. Naiogopea diski. Unajua kilichomo.

Siku tatu kabla ya operesheni iliyomchukua sauti mama alijifungia chumbani kwangu na kompyuta, akatoka macho mekundu, akaniambia, "Nimemaliza. Hayo ni ya siku ya harusi ya dada yako. Mtu asiyasikilize kabla, na yasitoke humu chumbani." Mpaka leo sijayasikiliza. Kwenye nyumba hii sauti yake imebaki hapo tu.

Sasa, pawa saplai mpya ya maana bei yake inatoa jasho. Lakini mtandaoni nimeona moja iliyokwisha kufunguliwa boksi. Mtu alinunua, akaifungua, akairudisha, nao wanaiuza karibu nusu ya bei. Wewe ndiye unayeshinda stoo na vitu vilivyorudishwa. Unasemaje?

Mdogo wako,
Koleo

Mstari wa mama: Paka alistahili. Zimebaki wiki kumi na nne kufika harusi. Mwambie huyo mwalimu wako apunguze ndevu, nataka kuona uso wa mtu anayenichukulia binti.


Stoo, 12 Januari

Koleo mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea juu ya maboksi, saa ya chakula. Msimamizi akaniuliza nacheka nini, nikamwambia paka wa nyumbani amepigwa ndara.

Nafurahi tumerudia barua. Simu ilikuwa inanipa aibu. Mimi na wewe tunaongea, mama amekaa pembeni anatazama mkono ulioshika simu. Kwenye barua angalau naye ana mstari wake.

Haya, tuje kwenye boksi lako. Mimi kila siku napokea vilivyorudishwa, na kila kimoja kinakuja na karatasi ya sababu. Nakuapia nusu ya sababu hizo ni uongo mtupu. Mtu akiandika "rangi siyo niliyotaka", basi amekiangusha. Akiandika "nimebadili mawazo", ujue gauni limeshachezewa harusi na kwapani lina chumvi. Lakini wapo pia wanaorudisha kitu kizima kabisa kwa sababu mke na mume wamegombana juu ya bei. Hicho ndicho cha kununua. Kazi ni kukijua.

Kwa hiyo usikurupuke. Muulize muuzaji kilirudi kwa nini, nani amekijaribu baada ya kurudi, waranti imebaki miezi mingapi. Halafu muulize ndani ya boksi kuna nini na hakuna nini. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana. Huku kwetu kabati linarudi, skrubu zake hazirudi. Meza inarudi na miguu mitatu.

Na kabla hujagusa chochote, yale ya mama yanakili pengine.

Dada yako wa stoo

Mwambie mama ndevu tumeshazijadili. Mwalimu ameomba rufaa.


Nyumbani, 20 Januari

Dada,

Nimemuuliza maswali yako yote mpaka akanichoka. Anasema mteja alibadili mawazo (najua, najua, nimefikiria kwapa). Anasema wameijaribu na inafanya kazi. Waranti miezi sita, na siku saba za kuirudisha. Kuhusu kilichomo ndani amejibu, "kama inavyoonekana kwenye picha." Kwenye picha inaonekana safi, inang'aa, haina mkwaruzo. Nimeagiza.

Kunakili nako kunahitaji diski ya pili. Nilifikiria kubeba hii hadi kwa rafiki yangu wa mtaa wa pili, lakini mama alisema isitoke chumbani, na mimi sina ujasiri wa kumvunjia neno la mwisho alilotamka. Ukiweza kuchangia diski, nitanakili hapa hapa mezani.

Nina dhambi ndogo ya kuungama. Nilitaka kuhakikisha faili ni zima, basi nikaifungua nikiwa nimechomoa spika. Sikusikia kitu, naapa. Nilitazama ile picha ya sauti tu, inayojichora kwenye kioo, kimya ni mstari ulionyooka na maneno ni vilima. Ni dakika kumi na moja. Mwanzoni kabisa kuna vijiti viwili vyembamba, vimesimama pamoja. Vidole vyake viwili, dada. Anagonga kipaza sauti kama alivyokuwa akitangaza treni stesheni. Kisha vilima, vingi, vidogo kwa vikubwa. Kwenye dakika ya saba kuna rundo la vilima vimebanana. Nadhani anacheka. Usimtajie, alikuwa bafuni, hajui kama nimeona.

Usiogope, barua hizi hazisomi. Ana utaratibu wake siku hizi. Ananiletea karatasi ikiwa tupu, ameshaandika mstari wake chini kabisa, mimi nijaze juu. Ameniandikia kwenye daftari lake kwamba mtangazaji hasikilizi mazungumzo ya abiria.

Koleo

Mstari wa mama: Leo nimetembea hadi stesheni na kurudi. Wameweka sauti ya msichana wa mashine. Hapumui kati ya majina ya vituo. Abiria watachelewa.


Stoo, 29 Januari

Koleo,

Umeniliza kati ya mashuka yaliyorudishwa. Vijiti viwili. Unakumbuka tulivyokuwa tukicheza uani, tukisikia ile tap-tap kwenye spika za stesheni tunanyamaza wote, hata majirani, halafu sauti yake inakuja juu ya mapaa, "Abiria wapendwa"? Nilikuwa naamini anatuambia sisi kwanza, na abiria baadaye. Mwalimu ananiuliza ninataka zawadi gani ya harusi, namwambia yangu ipo kwenye diski chumbani kwa mdogo wangu.

Sasa unisamehe, diski ya pili ningoje mwezi ujao. Wenye ukumbi wamepandisha, na nimeshawalipa nusu, siwezi kurudi nyuma. Yamekaa humo tangu mwaka jana, hayatatembea. Weka kwanza hiyo pawa saplai, mashine itulie, diski tutanunua tukiwa tumepumua.

Dada yako


Nyumbani, 8 Februari

Dada,

Mzigo umefika. Ungekuwepo ungecheka. Boksi lina utepe wa gundi wa tabaka mbili, ya kwanza imechanwa, ya pili imebandikwa juu kwa haraka. Ndani ni yenyewe, safi kama kwenye picha. Nimeinusa, nimeitikisa, haina harufu ya kuungua wala kitu kinacholialia ndani.

Ila umeshinda wewe. Mfuko wa waya haumo. Aina hii haina waya zilizoshikana nayo, unazichomeka mwenyewe, upande mmoja kwenye boksi, mwingine kwenye diski na vinginevyo. Nimemwandikia muuzaji, akanijibu nitazame picha. Nikatazama. Kweli, kwenye picha waya hazimo. Nilitazama mng'ao, sikutazama kilichokosekana.

Usihuzunike lakini. Ile ya zamani nayo ni ya kuchomeka, kwa hiyo waya ninazo. Nimezijaribu kwenye hii mpya bila umeme, zimeingia vizuri, zimebana kabisa. Kama inaingia na kubana, ni yake, ndivyo nilivyofundishwa kwenye ufundi. Jumamosi nafunga kila kitu.

Koleo

Mstari wa mama: Jumamosi nitavaa kitenge changu cha buluu, nikae kwenye kiti chake nimtazame fundi akifanya kazi.


Nyumbani, 19 Februari

Dada,

Salamu. Sisi wazima. Mvua imenyesha siku nne, bati la jikoni linavuja palepale pa siku zote, nimeweka ndoo. Mama anakula. Kazi si mbaya. Kadi za watu nazichapia kwa rafiki yangu wa mtaa wa pili kwa sasa.

Kompyuta bado ina mambo madogo madogo. Nitakwambia.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako


Stoo, 28 Februari

Koleo,

Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma. Mstari wa mama uko wapi?

Karatasi imekatwa chini, tena kwa mkasi, nimepima na zile za zamani. Hujaweka hata jina lako la Koleo. Mtu anayeniandikia kurasa mbili kuhusu gundi ya boksi leo ananipa bati na ndoo. Mimi si mtoto. Kama ugonjwa umerudi niambie. Kama mkono wake hauwezi tena kushika kalamu, niambie. Nimelala na wazo hilo siku tatu, naona mama amelala, wewe umekaa pembeni hujui uanzie wapi.

Nimeomba likizo. Harusi nitaiahirisha, mwalimu ameshakubali. Nijibu siku utakayopata hii, Koleo, roho yangu iko mkononi.

Dada yako


Nyumbani, 8 Machi

Dada,

Usiahirishe kitu. Mama ni mzima. Anatembea, anapika, anamgombeza paka kwa kupiga kiganja mezani. Nimekutesa bila sababu, na kwa hilo peke yake nastahili kofi.

Kilichokufa ni diski.

Ile Jumamosi mama alitoka kwenda jikoni kuchemsha maji. Nilikuwa nimeshafunga kila kitu, nikaona niwashe ili arudi akute kioo kinawaka. Nikabonyeza. Tap moja, ndogo, kama kuni inapopasuka, kisha harufu. Nilichomoa umeme, nadhani haikuchukua hata sekunde mbili. Kwenye diski palikuwa na alama nyeusi isiyozidi punje ya mchele.

Nimejua baadaye nilichokosea. Zile waya, upande unaoingia kwenye pawa saplai, kila kiwanda kinapanga umeme wake kwa mpangilio wake. Umbo la tundu ni moja, pini zinaingia, zinabana, lakini palipokuwa na umeme mdogo kwenye ile ya zamani, kwenye hii ndipo pana umeme mkubwa. Nimeupeleka moja kwa moja kwenye diski kwa mikono yangu. Kila aliyewahi kununua vitu hivi anajua hukopeshi waya za aina moja kwa aina nyingine. Kila mtu, dada. Nilifundishwa kwamba ikiingia ni yake, nami nikaamini kwa sababu iliingia.

Nilimpelekea fundi wa kuokoa data, yule ambaye wengine wote humpelekea kazi zilizowashinda. Alikaa nayo wiki mbili. Nilimwambia ni sauti ya mama yangu. Aliirudisha kwenye bahasha na hakutaka malipo, nikajua kabla hajafungua mdomo. Anasema kama zingeungua njia za umeme tu angejaribu, lakini zimeungua chipu zenyewe zinazohifadhi.

Mama hajui. Nimemwambia mashine iko kwa fundi, inasubiri kipuri. Mstari wake wa mwezi uliopita niliukata kwa mkasi, naomba radhi, niliona ukiusoma utaniuliza. Nimeuweka humu ndani pamoja na wa leo. Sijui nitasimama vipi siku ya harusi watu watakapomngoja aseme.

Mdogo wako

[Vipande viwili vya karatasi vilivyowekwa ndani ya bahasha]

Mstari wa mama: Mdogo wako halali. Mwandikie maneno laini.

Mstari wa mama: Amekonda. Ukija harusini umletee suruali ya namba ndogo.


Stoo, 15 Machi

Sina maneno laini.

Nilikwambia unakili. Ni sentensi moja niliyoiandika peke yake ili uione. Ulikuwa na wiki nzima nzima. Mama alitoa sauti yake ya mwisho akaikabidhi mikononi mwako, nawe ukaichomeka kwenye kitu mtu mwingine alikitupa, kwa waya za kubahatisha.

Najua diski ya pili niliikataa mimi. Najua nililipia ukumbi. Unadhani nalijua vipi hilo, nalijua kila nikipanga shuka. Nilitaka viti vyenye vitambaa, sasa nitakuwa na viti mia mbili vyenye vitambaa na mama aliyenyamaza katikati. Lakini leo siwezi kujibeba mimi na wewe pia.

Usiniandikie kwa sasa. Na mama mwambie ukweli, usimngojeshe kama abiria wa treni iliyofutwa.

Dada yako


Nyumbani, 24 Machi

Binti yangu,

Leo karatasi yote ni yangu. Koleo ametoka, nami nimekaa kwenye kiti chake.

Barua yako nimeisoma. Alifungua bahasha jikoni akasimama kama mti, kisha akaiacha juu ya meza akatoka nje bila viatu. Mtangazaji hasikilizi mazungumzo ya abiria, lakini abiria akianguka anashuka kutoka kibandani.

Ninajua tangu siku ile. Nilikuwa nachemsha maji, nikasikia mlio, nikanusa. Nimefanya kazi na spika na amplifaya miaka ishirini na sita, harufu hiyo hainipotei. Nilikuja hadi mlangoni. Alikuwa amekaa sakafuni amelishika lile lidude kwa mikono miwili kama kifaranga, analia bila kutoa sauti ili nisimsikie. Nikarudi jikoni nikazima moto. Nilifikiri ataniambia kesho yake, kisha kesho ya pili. Nimekaa wiki sita natazama mtoto wangu akinidanganya kuhusu kipuri, anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Sikutaka kumnyang'anya siri yake. Alikuwa anaificha ili nisiumie, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamsimamisha.

Sasa nisikilize, maana hili nililificha mimi.

Sikurekodi kitu. Nilijifungia mle ndani, nikagonga mara mbili kama nilivyozoea, nikafungua mdomo na maneno yakakataa. Treni za watu nimezitangaza maisha yangu yote, vituo vyote navijua kwa moyo, siku ya kumtangazia mwanangu nikakosa la kusema. Nilikaa kimya mbele ya ile mashine mpaka nikachoka, nikaizima. Nilipotoka niliona haya, nikawaambia nimemaliza. Tangu hapo nimekuwa nikiogopa siku hiyo ya harusi, mtakapofungua na kukuta kimya.

Kwa hiyo kilichoungua ni ukimya wa mama yenu tu. Hakina thamani ya suruali za Koleo. Mwambie wewe. Mimi nikimwandikia kwenye daftari atasema namhurumia.

Mpe mkono mdogo wako. Mmebaki wawili, na mimi sina sauti ya kuwaamua mkigombana.

Mama yako


Stoo, 1 Aprili

Mama yangu,

Nimekuamini.

Usione haya. Hata ungerekodi, nani angesikia vizuri kwenye ukumbi ule wenye mwangwi. Utakaa mbele, kiti cha kwanza, na kitenge chako cha buluu. Mimi nitakutazama, inatosha. Nakuja tarehe tisa. Suruali ya namba ndogo nimeshanunua.

Mwanao


Stoo, 1 Aprili

Koleo,

Nianze na langu. Nilikupiga kwa barua wakati ulikuwa umeshaanguka. Diski ya pili niliikataa mimi, kwa mkono wangu, na nikaandika kwamba hayatatembea. Tuliipoteza wawili. Nisamehe.

Pili, mama alijua tangu Jumamosi ile, na ameniandikia. Ameniagiza nikwambie neno kwa neno, nami nakwambia: hakurekodi kitu. Aligonga mara mbili, akakosa la kusema, akakaa kimya mpaka mwisho. Kilichoungua ni ukimya tu.

Niliposoma hapo nilikaa chini juu ya marobota. Nilikuwa na furaha, Koleo, kwa dakika moja nilikuwa na furaha ya kijinga, hatujapoteza kitu. Kisha nikaitoa barua yako ya tarehe 20 Januari. Umeandika kimya ni mstari ulionyooka. Umeandika vilima vingi, vidogo kwa vikubwa, na rundo la dakika ya saba.

Mama hajui kwamba uliiona ile picha. Mimi na wewe tunajua kwamba alisema. Alisema dakika kumi na moja, alicheka katikati, na sasa ameyafuta yote kwa kalamu yake ili wewe upate kula. Ameipoteza sauti yake mara mbili, na hii ya pili ameitoa mwenyewe.

Basi usimrudishie. Ukishasoma hii nenda kakae mbele yake, mwache akutazame usoni. Mwambie nimekuandikia na umeamini. Halafu ule, ummalizie bakuli. Hakuna kitu kingine anachotaka.

Nakuja tarehe tisa. Mziki wa ukumbini utauongoza wewe, simtaki mtu mwingine.

Dada yako wa stoo


Nyumbani, 21 Aprili

Dada,

Nyumba imekuwa kubwa tangu mlipoondoka. Mama amelala mchana, amechoka vizuri. Suruali imeanza kunibana, ndiyo habari yake anayowapa majirani kwa daftari.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimwambia nimeamini. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akanitikisa, kisha akanipakulia.

Nataka kukuuliza kitu, na siku ile ya harusi hakukuwa na nafasi. Alipokuja kwenye meza yangu ya mitambo akanyoosha mkono, sikuelewa. Nilidhani anataka maji. Akanionyesha maiki. Nikampa. Ulimwona alivyosimama, mgongo umenyooka, akagonga mara mbili, na wale wazee wa stesheni wote wakaweka vikombe chini kwa pamoja. Kisha akaanza kuzungumza, midomo inatembea na hakuna kinachotoka.

Mimi nilikuwa natazama taa za mtambo. Ziliruka kwa ile mipigo miwili, kisha hazikuwaka tena. Lakini saa ilikuwa mbele yangu nami nikaitazama kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Dada, ni dakika kumi na moja. Na ilipofika ya saba alicheka, mabega yakatikisika, akafuta jicho, akaendelea.

Anayakumbuka yote. Wewe ulikuwa hatua mbili mbele yake. Ulisoma midomo? Niambie alisema nini. Hata kidogo tu.

Koleo

Mstari wa mama: Harusi ilikwenda kwa wakati. Mwalimu bila ndevu anapendeza.


Nyumba mpya, 30 Aprili

Koleo mdogo wangu,

Nilisoma mwanzo. "Abiria wangu wa kwanza," hivyo ndivyo alivyoniita, nina hakika, midomo yake ilikwenda taratibu kama anavyotaja vituo. Kisha akasema kitu kuhusu siku niliyozaliwa, na mvua, na treni iliyochelewa. Nilikuwa namfuata neno kwa neno. Nilijiambia, shika, shika yote, safari hii wewe ndiye diski.

Halafu nikalia. Sikutaka, Koleo, nilijing'ata ulimi, lakini macho yakajaa na midomo yake ikawa ukungu. Nikajipangusa, yakajaa tena. Mwalimu akanipa leso. Nilipopata kuona vizuri mama alikuwa anacheka, na sijui alikuwa anacheka nini. Nikalia kwa hilo pia. Mwisho nilipata kuona midomo ikifunga, basi.

Maneno ni yaleyale, nimeyapoteza mara ya pili, nikiwa hatua mbili mbele yake, mchana kweupe. Wala hakuna aliyeniuzia kitu kwenye boksi lililochanika. Sasa tumelingana mimi na wewe, usijihukumu tena peke yako.

Na kumuuliza siwezi. Yeye alisema hakuwahi kusema kitu, nami nilimwandikia kwamba nimemwamini.

Diski nimekununulia, mpya, boksi halijafunguliwa, na waya zake zimo, nimehesabu dukani mbele ya muuzaji. Itafika wiki ijayo. Sijui utaweka nini humo. Weka kadi za watu.

Mwambie mama nimefika salama na nyumba ina dirisha zuri.

Dada yako